Kisima kimekauka mwezi wa tisa: nichimbe zaidi?

Swali lenyewe limeandikwa hivi: "Shikamoo mjomba. Mi niko kijiji cha juu kidogo ya Mikindani, toka kwetu mpaka baharini ni kama kilomita mbili na nusu. Tuna kisima alichochimba marehemu baba kwa mikono, kimejengwa kwa pete za zege, kina chake mita 14. Miaka yote kilikuwa kinashuka wakati wa kiangazi lakini hakikauki. Mwaka juzi jirani akachimba kisima cha mashine akafunga pampu ya sola, analima matikiti, nyanya na mchicha. Tangu hapo chetu kikifika mwezi wa tisa ni tope tupu, tunanunua maji ya dumu. Fundi kaja kasema tushuke mita 60 maji yatakuwa ya kumwaga, na bei aliyonipa ni hela yote ya korosho za msimu huu. Je ni kweli maji ya chini ya ardhi yanaisha? Yakiisha yanarudi? Na nichimbe au nisichimbe?"

Marahaba mwanangu. Ntakujibu kwa urefu kidogo manake hela ya korosho ya msimu mzima sio hela ya kuitupa shimoni, na swali lako naulizwa toka Msimbati ya Mtwara mpaka Mchinga ya Lindi karibu kila kiangazi kikishika.

Nianze na unachotaka kusikia kwanza. Usichimbe mita 60, angalau sio mwaka huu na sio kabla hujafanya vipimo ntakavyokwambia hapa chini. Maji ya kwenu yanaisha ndio, na yanarudi pia, kila masika yanarudi. Tatizo ni kwamba sasa hivi yanatolewa haraka kuliko yanavyorudi, na kuchimba chini zaidi hakuongezi maji hata ndoo moja. Dafu ni lilelile, wewe unataka kuingiza mrija mrefu kuliko wa jirani yako, na mkinyonya wote wawili dafu linaisha mapema zaidi, halafu dafu la kwenu huko chini lina chumvi, hilo ntalifikia.

Kwanza tuondoe picha moja ambayo mafundi wengi wanaiuza. Watu wanaambiwa chini kuna mto, kuna mshipa, ukiupiga umetajirika. Kwenu hakuna mto chini. Ukanda wa Mikindani una mchanga, changarawe na mfinyanzi uliolala matabaka matabaka juu ya mawe ya zamani zaidi, na maji yamekaa katikati ya punje za mchanga. Umeshaona watoto wanachimba shimo ufukweni bahari ikiwa imekupwa? Wanachimba mchanga mkavu, wanachimba, halafu ghafla shimo linaanza kuingia maji pembeni taratibu, ukiyachota yanaingia mengine. Kisima cha baba yako ni shimo hilohilo tu ila kubwa. Ule usawa ambapo maji yanaanza ndio unapanda masika na kushuka kiangazi, na ukishuka chini ya sakafu ya kisima chako, kisima kimekauka ingawa maji yapo, yapo chini kidogo ya miguu yako.

Sasa yanatoka wapi. Yanatoka mbinguni, hakuna kwingine. Huku kusini mvua yetu ni msimu mmoja, inaanza mwezi wa 11 au wa 12 kaskazi ikishashika, inaisha wa 4 au wa 5, na kwa mwaka wa kawaida Mtwara tunapata kama milimita 1,000 hivi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kariri hiyo itakusaidia maisha yote. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000, kwahiyo mvua ya mwaka mzima kwenye ekari moja ni lita milioni 4. Nyingi sana! Lakini nyingi yake haifiki chini. Jua linaikausha, majani yanaidaka, mikorosho na migomba inainywa, nyingine inakimbilia korongoni na baharini. Kinachobaki kikashuka mpaka kwenye tabaka la maji ni sehemu ndogo. Tuseme kwa mfano ni asilimia 5, basi ekari moja inaingiza chini lita 200,000 kwa mwaka.

Weka hiyo pembeni uangalie pampu ya jirani. Pampu ya sola ya kawaida ya bustani tuseme inatoa lita 3,000 kwa saa, jua likiwa zuri inafanya kazi masaa 6, hizo ni lita 18,000 kwa siku. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa 11 ni siku kama 180, piga hesabu, ni zaidi ya lita milioni 3 na laki 2. Kwa mfano wetu wa asilimia 5 anahitaji mvua ya ekari 16 nzima ili kurudisha alichotoa, na yeye bustani yake labda ekari moja na nusu. Ekari nyingine 14 na ushee ni za majirani, na mojawapo ni yako. Sisemi jirani ni mtu mbaya, analisha familia na nyanya zake mnakula, ila sola ina hatari yake ambayo dizeli haikuwa nayo, na hili linanisumbua kweli kila ninapokwenda vijijini. Mtu wa dizeli akiona mafuta yanapanda bei anazima. Mtu wa sola hana sababu ya kuzima, jua la bure, pampu inapiga hata matikiti yakiwa yameshiba, maji yanamwagika mtaroni na anaona hajapoteza kitu.

Na pampu haishushi maji sawasawa kila mahali. Pale pampu ilipo maji yanashuka sana, ukisogea mbali yanashuka kidogo, kwahiyo chini ya ardhi panatokea umbo la faneli, mdomo mpana juu na shina lake kwenye bomba la jirani. Kisima chako kama kiko ndani ya mdomo wa faneli ile kinashuka mita moja, mita mbili, kutegemea umbali. Mita mbili kwa kisima cha mita 14 ambacho kiangazi kilikuwa kinabakiwa na maji ya kufika kiunoni, ndio tope unalolisema.

Lakini mi sijatoa hukumu bado, na wewe usiende kwa mwenyekiti wa kijiji na barua kabla hatujajua. Kuna vitu vitatu vinaweza kukausha kisima na vyote vinafanana ukivitazama toka juu. Inaweza kuwa pampu ya jirani. Inaweza kuwa mvua ya miaka hii miwili haikushuka chini ya kutosha. Na inaweza kuwa kisima chenyewe kimejaa, hili watu wanalisahau kabisa! Kisima cha pete kinaingiza mchanga kidogo kidogo kila mwaka, na hicho baba alichimba mita 14 enzi hizo, leo kinaweza kuwa mita 12 na nusu na hakuna aliyepima. Nimeshaenda nyumba moja huko njia ya Nanyamba wanalia maji yameisha, tumepima kina tukakuta mita nzima na zaidi ya mchanga na matope na ndoo mbili zilizozama na kandambili, tukakisafisha kwa siku mbili kikarudi.

Kwahiyo chukua kamba isiyovutika, funga jiwe au nati nzito, weka fundo kila nusu mita. Pima toka ukingoni mpaka maji yanapoanza, halafu mpaka chini kabisa. Pima asubuhi kabla hata ndoo moja haijachotwa, andika kwenye daftari la mtoto na tarehe yake, rudia kila tarehe hiyohiyo ya kila mwezi. Daftari hilo likifika mwaka ni mali, nakwambia. Pale Makutupora karibu na Dodoma, ambako ndiko mji wa Dodoma unakochota maji yake ya chini toka zamani, walianza kuandika vipimo vya visima miaka ya 1950, na kwa sababu waliandika tu bila kuchoka, leo dunia nzima ya wataalamu inajifunza kutoka kwenye daftari hilo. Walichokiona ni kwamba katika nchi kavu kama ile maji ya chini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Miaka mingi yanashuka tu, yanashuka, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kama ile El Nino ya 1997 na 1998 yanapanda kwa mkupuo. Yani mvua kubwa tunazozilaani kwa kubomoa barabara ndizo zinazojaza akiba. Sisi huku pwani ya kusini tuna mvua zaidi ya Dodoma, na mchanga wetu unameza vizuri, kwahiyo tunajazwa mara nyingi zaidi, ila somo ni lile, mvua kubwa ikipita tukaiacha ikimbie baharini imekwenda na akiba ya miaka.

Baada ya kupima kina, kaa na jirani. Nenda na heshima, nenda jioni, usiende na watu. Mwombe azime pampu siku mbili, mwezi wa nane au wa tisa ndio mzuri. Siku hizo nyinyi msichote, kopeni maji kwingine, halafu wewe pima kisima chako kila baada ya saa moja mchana, na usiku mara mbili tatu. Maji yakipanda kwa haraka, sentimita 20, 40, 60, basi kuna uwezekano mkubwa pampu yake inavuta maji yako, na nyote wawili mmeona kwa macho. Yasipopanda hata kidogo basi huenda jirani hana kosa na utakuwa umeokoa ujirani. Mi naona kipimo hiki ni bora kuliko kikao cha kijiji cha masaa matano.

Sasa nije kwenye mita 60, hapa nakuomba usome taratibu. Wewe uko kilomita mbili na nusu toka baharini. Maji ya bahari hayaishii ufukweni, yanaingia chini ya nchi kavu pia, na maji baridi ya mvua, yani yasiyo na chumvi, yanaelea juu yake kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kidogo. Tofauti ya uzito ni ndogo, lita elfu moja za maji baridi zina kilo 1,000, za bahari zina kama kilo 1,025, lakini tofauti hiyo ndogo inaleta hesabu moja ambayo kila mtu wa pwani anatakiwa aijue. Kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za maji baridi kabla hujagusa chumvi. Inasikika vizuri, si ndio? Igeuze sasa. Ukiyashusha maji baridi nusu mita tu, chumvi inapanda mita 20.

Tuseme uwanja wa kwenu uko mita 14 juu ya bahari na maji kisimani yako mita 13 chini, maana yake yamesimama mita 1 juu ya bahari. Maji baridi yanakwenda mpaka mita 40 chini ya usawa wa bahari. Fundi anataka mita 60 toka uwanjani, atoe 14, atakuwa amefika mita 46 chini ya bahari, yani mita 6 za mwisho zimeshazama kwenye chumvi siku ya kwanza. Na ukianza kuvuta, usawa unashuka, chumvi inapanda kukufuata. Matabaka ya mfinyanzi yanaweza kubadilisha hesabu hii, kuna mahali yanazuia chumvi vizuri tu, ndio maana nasema apatikane mtu wa kupima ardhi kwa umeme na mwinuko kwa kifaa kabla mashine haijaja, sio mtu wa kubahatisha maji yalipo kwa vijiti viwili vya mpera.

Nimeona jambo hili kwa macho. Kuna nyumba ya wageni moja huku ufukweni, siitaji, walichimba kirefu wakafurahi, mwaka wa kwanza maji mazuri, wa pili chai ikawa na ladha, wa tatu mabomba yanakula kutu na bustani inaungua ncha za majani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba visima vya kina mama wa jirani ambao hawajawahi kumiliki hata pampu navyo vikaingia chumvi. Na chumvi ikishaingia kwenye mchanga haitoki kwa mvua ya msimu mmoja, inasukumwa nje taratibu miaka na miaka.

Nisieleweke vibaya, kuna mahali kuchimba kirefu ndio jibu. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, hakuna njia nyingine ya kupata maji ya chini papo hapo. Mvua inanyesha pale juu vizuri kabisa lakini udongo ni kichanga, inazama moja kwa moja mbali sana chini na kuja kutokea kwenye chemchemi za mabondeni, ndio maana bibi zetu walikuwa wanashuka miteremko ile na mtungi usiku wa manane, na ndio maana tangu miaka ya 1950 maji yanasukumwa kutoka mabondeni kupandishwa juu. Na ndio maana nyumba za Newala utakuta uani kuna kisima cha sakafu ya simenti ambacho ukweli sio kisima, ni tanki la kuvunia mvua ya bati, watu walijiongeza. Masasi nako ni hadithi nyingine, kule chini ni mwamba mgumu, maji yako kwenye nyufa na kwenye udongo uliooza juu ya mwamba, unaweza kuchimba hapa ukapata na hatua 20 pembeni ukakosa kabisa. Kwahiyo mtu wa Newala au Masasi akisoma hapa asichukue mita zangu za Mikindani akaenda nazo kwake.

Uliuliza kama maji ya chini yanaisha kabisa. Kuna sehemu yanaisha kweli. Libya walijenga mabomba makubwa ya kuleta maji toka chini ya jangwa la Sahara mpaka pwani, awamu ya kwanza ikaanza kutoa maji 1991, na maji yale ni ya mvua zilizonyesha zaidi ya miaka 10,000 iliyopita wakati jangwa lilikuwa na majani. Leo hainyeshi pale, kila lita inayotoka haina mrithi. Yemen, kuzunguka mji wa Sana'a, visima vilikuwa vya makumi ya mita, pampu zikaja, kila mtu akamfuata mwenzie chini, leo vinakwenda mamia ya mita na sehemu kubwa ya maji inamwagilia mirungi, na masikini ambao hawana hela ya kushuka tena ndio walioacha mashamba kwanza. Hilo ndilo shindano ambalo fundi wako anakuanzishia wewe na jirani, ila nyinyi bado mna mvua, mna bahati ambayo Libya hawana.

Na kurudi yanarudi, hili sio la kufikirika. India kuna jimbo kavu linaitwa Rajasthan, mvua yao wilaya ya Alwar ni ndogo kuliko yetu huku. Visima vilikauka, vijana wakakimbilia mjini. Mwaka 1985 bwana mmoja Rajendra Singh na wenzake wa shirika la Tarun Bharat Sangh wakaanza na kijiji cha Gopalpura, wanachimbua mabwawa madogo ya udongo ya kizamani yanayoitwa johad, kazi yake sio kuhifadhi maji juu, ni kuyasimamisha mpaka yazame. Kijiji kimoja, kikafuata kingine, visima vikapanda, na mto Arvari ambao ulikuwa unatiririka msimu wa mvua tu ukaanza kuwa na maji mwaka mzima katikati ya miaka ya 1990. Ila angalia walichofanya baada ya hapo, vijiji vya bonde lile vikakaa pamoja vikawekeana masharti ya nani alime nini, mazao ya kunywa maji mengi kama miwa wakayakataa. Kujaza bila kukubaliana kuchota ni kumpa mwenye pampu kubwa maji zaidi. Na jirani zetu Wakamba wa Machakos na Makueni kule Kenya wanajenga kuta ndani ya mito ya mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na maji yanakaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii, sawasawa na watu wanavyofukua mchanga wa mto kiangazi wakapata maji, ila wao wameongeza ukuta.

Basi tufanye nini Mikindani. Cha kwanza ni paa lako. Nyumba ya bati ya mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80, kwa mvua ya milimita 1,000 ni lita 80,000, toa inayorukia pembeni na ya kuoshea bati, unabaki na kama 64,000. Familia ya watu 5, kila mtu dumu moja la lita 20, ni lita 100 kwa siku. Kwahiyo bati lako linadondosha maji ya siku 640 na leo yote yanachimba uwanja na kukimbilia barabarani. Huwezi kununua tanki la kuyahifadhi yote na sikwambii ujaribu. Nunua tanki la lita 5,000 kwa hela kidogo ya korosho, funga mifereji ya bati, na maji yanayofurika baada ya tanki kujaa yapeleke kwenye shimo la kuzamisha. Shimo la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, kina mita mbili linatosha kuanzia, chini mawe, juu yake kokoto, juu kabisa mchanga safi ambao utaukwangua tabaka la juu kila mwaka ukiziba. Lichimbe mita 10 hivi toka kisimani, upande wa juu wa mteremko, mbali na choo, choo kiwe angalau mita 30 toka hapo. Na tafadhali mwanangu, usielekeze maji ya bati au ya uwanja moja kwa moja ndani ya kisima! Najua wanaofanya, wanaona ndio kujaza, wanaingiza kinyesi cha kuku na ndege na vumbi la salfa ya mikorosho kwenye maji ya kunywa.

Cha pili ni mikorosho yenyewe. Najua kawaida yetu ya kusafisha chini ya mkorosho mpaka ardhi inang'aa, halafu majani yanachomwa, ili korosho zikidondoka zionekane. Kusafisha mwezi wa tisa sawa. Lakini majani usiyachome, yakusanye, mvua ya kwanza ikikaribia yatandaze tena, na upande wa chini wa kila mti weka tuta la nusu mwezi la kufika kwenye kifundo cha mguu. Kichanga kikiwa wazi mvua kubwa inakipiga kinaganda juu maji yanateleza. Kikiwa na majani kinameza. Ekari tano za mikorosho zikizamisha asilimia mbili tu zaidi ya mvua ya milimita 1,000, hizo ni lita 400,000, na mizizi ya mikorosho nayo itakushukuru. Vijia vinavyogeuka korongo kila masika navyo mviwekee vizuizi vya mawe au viroba vya mchanga hatua kwa hatua, hii ni kazi ya mtaa mzima kwa Jumamosi mbili. Mkumbuke Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, maji yalivyokata barabara ya Lindi, ukiyaona yale yanavyoingia baharini rangi ya chai ya maziwa ujue ndio visima vya miaka inayokuja vinapita.

Cha tatu ni sheria, na nimeiweka ya tatu makusudi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni ya umma, Rais ameshika dhamana kwa niaba ya wananchi, kwahiyo kuwa na hati ya shamba sio kumiliki maji yaliyo chini yake. Kisima cha mikono cha matumizi ya nyumbani hakisumbuliwi, lakini kisima cha mashine cha kumwagilia kinatakiwa kiwe na kibali, na kibali kinaandikwa kiasi cha maji. Mwenye kazi hiyo kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi ziko hapahapa Mtwara. Kama kile kipimo cha siku mbili kimeonyesha pampu ndiyo inayovuta, nendeni wote wawili na daftari lako. Mnaweza kukubaliana apige pampu masaa 3 badala ya 6, amwagilie asubuhi na jioni kwa mipira ya matone badala ya kufurisha mitaro, ajenge tanki la juu ili pampu izime likijaa. Mchicha haujui kama maji yamepungua nusu, unajua tu kama mizizi imelowa. Na sheria hiyohiyo inaruhusu watumia maji kuunda jumuiya yao, mkiwa watu 10 wenye visima mnaopima kila mwezi mna sauti kuliko mtu mmoja analalamika.

Halafu kama baada ya yote haya bado unataka kushuka, shuka kwa mikono mita moja na nusu au mbili zaidi, sio zile 46 anazotaka fundi kuongeza. Mwezi wa 11 kabla ya mvua, maji yakiwa chini kabisa, ongeza pete mbili nyembamba zinazopita ndani ya hizi za sasa, zenye matundu, na mzungushie kokoto nje yake. Hapo utabaki kwenye maji baridi ya juu. Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu linaua vijana huku kwetu: msishushe pampu ya petroli ndani ya kisima ili kukausha maji wakati fundi yuko chini, moshi wake hauna harufu ya kutisha lakini unaua kwa dakika chache, na anayeshuka kumwokoa naye anafia hapohapo. Hewa ya kisima iliyofungiwa siku nyingi nayo inaweza kukosa oksijeni hata bila pampu. Fundi afungwe kamba kifuani, watu wawili juu muda wote, akisema kichwa kinazunguka anavutwa, hakuna kujadiliana.

Na maji yako ya sasa peleka lita moja maabara ya maji wakapime chumvi, sasa hivi kiangazi na tena mwezi wa nne. Namba ya kiangazi ikiwa juu sana kuliko ya masika ujue bahari imeanza kusogea, na hapo hata pete mbili nakukataza.

Anza na kamba kesho asubuhi. Nitumie vipimo viwili, maji yanapoanzia na sakafu ilipo, na umbali wa hatua toka kisimani kwenu mpaka kwenye bomba la jirani, nikipata hizo namba tatu ntakwambia shimo la kuzamisha ulichimbe upande gani wa nyumba.